Uzito wa Mtoto wa Kiloleli

Mimi ni pacha, wa pili kutoka. Kwetu Usukumani ukishasema hivyo, hakuna anayekuuliza jina. Wa kwanza kutoka ana jina lake, wa pili ana lake, na atakayewafuata analo la kwake linamsubiri tumboni, baba hata hajafungua mdomo. Majina yenyewe kila mtu anayajua, sina haja ya kuyataja. Darasa la nne tulikuwa watatu wenye jina langu, mwalimu akachoka, akatuita Mrefu, Mweusi na Kamasi. Kamasi nilikuwa mimi.

Nayasema haya mwanzoni kabisa kwa sababu baadaye watu walinipa pole, wakaniambia usingeweza kujua. Aka! Kama kuna mtu mmoja mkoa mzima wa Simiyu aliyepaswa kujua, ni mimi.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeondoka. Nilisomea takwimu mbali, nikafanya kazi Dar miaka kadhaa, na huko kote jina langu lilikuwa langu peke yangu. Ofisi nzima wakiliita, aliyegeuka ni mimi. Walilisifia, wakaniuliza maana yake, nami nikawaeleza kwa maringo kama mtu aliyejichagulia. Ukikaa hivyo miaka kumi unasahau kwamba nyumbani jina lile ni la kila pacha. Nilirudi Bariadi na mabegi mawili, kompyuta, na kiburi ambacho hakikuhitaji begi, nikapata kazi ya data kwenye mradi wa lishe ya watoto.

Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga, barabara ya kwenda Lamadi. Msimu wa pamba malori yalipita mchana kutwa, vumbi linaingia hadi kwenye vitufe vya kompyuta. Nilikuwa na meza, feni iliyozunguka ikijisikia, na bosi mmoja, mtu wa kuja, mpole.

Kazi ilikuwa hivi. Mtoto aliyekonda aliandikishwa kwenye zahanati ya kwao, akapimwa uzito kila baada ya wiki mbili, na mama akapewa paketi za lishe za kumlisha. Uzito ukipanda vipimo vitatu mfululizo, mtoto anahesabiwa amepona, jina linatoka kwenye orodha, paketi zinakwenda kwa mwingine. Orodha niliitoa mimi, kila mwezi. Muuguzi hakuruhusiwa kumpa paketi mtoto ambaye jina lake halimo, hata kama anamwona kwa macho yake mawili.

Sasa nieleze kosa, na nitalieleza polepole, maana nimelieleza kwa watu wengi haraka haraka ili nisilione vizuri. Kila zahanati ilituletea jedwali lake, mstari mmoja kwa kila kipimo. Mtoto aliyepimwa mara sita ana mistari sita, imechanganyika na ya wenzake. Huwezi kujua kama anapanda au anashuka mpaka umkusanye. Lugha ya takwimu ninayotumia inaruhusu hilo: unalibomoa jedwali, unaligeuza kuwa vifurushi. Kila mtoto na kifurushi chake, juu limeandikwa jina, ndani uko uzito wake wote kwa tarehe. Unafanya hesabu ndani ya kila kifurushi, halafu unavigeuza tena kuwa jedwali, safari hii mstari mmoja kwa mtoto mmoja: amepona, hajapona. Watu wanafikiri kazi yetu ni hesabu. Hesabu ni dakika tano. Siku nzima tunageuza, jedwali kuwa vifurushi, vifurushi kuwa jedwali, maneno kuwa namba, na ukigeuza vizuri hakuna anayejua ulikuwepo.

Kifurushi lazima kiitwe kitu. Mimi nikaviita kwa jina la mtoto na jina la baba. Namba za kadi zilikuwepo, lakini kila muuguzi aliziandika anavyojua, huyu kaweka alama ya mkwaju katikati, yule kaacha nafasi, mwingine karuka sifuri za mbele. Kuzisafisha kungenichukua siku mbili, na bosi alitaka ripoti Ijumaa. Na ile lugha ina tabia moja: ukiipa kifurushi chenye jina ambalo tayari limo, haigombi. Haikuulizi, wewe, mbona huyu yupo? Inamtoa aliyekuwemo, inamweka mpya, inaendelea na safari. Mafaili niliyapitia kwa alfabeti. Ipililo kwanza, Kiloleli baadaye.

Ipililo, kule Maswa, kulikuwa na mtoto pacha, wa kwanza kutoka, na baba mwenye jina ambalo nusu ya wanaume wa Usukuma wanalo. Kiloleli, huku Busega karibu na ziwa, kulikuwa na mwingine, jina hilo hilo, jina la baba hilo hilo. Wa Ipililo aliingia kwenye kifurushi. Kisha akaja wa Kiloleli, anayekula dagaa na uzito unapanda, Mungu amzidishie, akaingia pale pale. Vipimo vya Ipililo vikatoweka. Nilipogeuza kurudi kwenye jedwali na kuunganisha na orodha ya walioandikishwa, kila jina likapata jibu. Wote wawili wamepona. Mistari ilitimia, pengo halikuwepo hata moja, nami nikajipongeza kwa soda baridi.

Mama wa Ipililo alikuja ofisini wiki mbili baada ya orodha ile kutoka. Alikuwa amepanda pikipiki hadi Maswa, akapanda basi hadi Bariadi, akauliza njia nzima nyumba ya watu wa uzito iko wapi. Alinizidi umri, lakini alipiga goti mlangoni kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti.

"Mwangaluka," akanisalimu.

"Mwangaluka mayu. Mhola?"

"Mhola duhu." Salama tu. Ndivyo tunavyojibu, hata nyumba ikiwa inaungua.

Akakaa ukingoni mwa benchi. Alisema zahanati wamemwambia mtoto wake katoka kwenye orodha, na muuguzi kasema orodha inatoka Bariadi, basi amekuja Bariadi. Alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza, mimi nikajibu kwa Kiswahili cha ofisini, ingawa Kisukuma nilikuwa nacho mdomoni. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Najua kwa nini nilifanya hivyo, nilitaka mambo yaishe upesi.

Nikafungua kompyuta, nikaandika jina, ukatokea mchoro wa uzito wake, mstari unapanda mzuri kutoka kona hadi kona.

"Mama, mtoto wako amepona," nikamwambia. "Unaona? Uzito umepanda mara nne mfululizo."

Akautazama mchoro kwa heshima. Kisha akafungua kanga mgongoni, akamleta mtoto mbele, akamfunua.

"Huyu?" akasema.

Nilimwona. Mikono ilikuwa kama ya mtoto wa miezi mitatu, na alikuwa na mwaka na nusu. Ngozi ya mapajani ilikuwa imelegea kama suruali ya kaka mtu. Alinitazama bila kulia, na mtoto wa umri ule akipelekwa mbele ya mgeni lazima alie. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi macho ninayo, hata miwani sivai.

"Labda aliumwa karibuni," nikasema. "Homa inapunguza. Lakini kipimo ndicho kinachosema, mama."

"Hakuumwa."

"Basi mrudishe zahanati wampime tena."

"Wamempima. Wanasema jina halimo."

"Mimi siwezi kulirudisha kwa mkono. Mfumo unakokotoa wenyewe."

Mfumo! Mfumo ulikuwa mistari arobaini niliyoiandika mwenyewe kwa vidole hivi, siku ya Jumatano, nikila karanga. Yeye akamfunga mtoto mgongoni.

"Haya," akasema. "Kama mmesema." Akaondoka kuwahi basi la Maswa, nami nikarudi kwenye kazi. Nilikuwa na jedwali la maharage ya shule la kugeuza.

Wiki tatu zikapita. Siwezi kudai kwamba nilikosa usingizi, nililala kama gogo.

Kilichonifumbua macho ni foleni ya vitambulisho. Nilikwenda kuchukua changu asubuhi, watu wamejaa barazani, karani akatoka na rundo la karatasi, akaita jina langu na la baba yangu. Nikasimama. Wakasimama na wengine wawili, mama mmoja mnene na msichana wa sare ya shule. Watu wakaangua kicheko.

"Mapacha wa pili wote mjipange huku!" mzee mmoja akapaza sauti. "Wa kwanza wametangulia, kama kawaida yao!"

Nikacheka na mimi. Karani akauliza nani kati yetu, akaanza kutafuta tarehe za kuzaliwa, na mama mnene akamwambia, "Wewe baba, umekuja lini Bariadi? Hapa ukiita jina tupu utajibiwa na kata nzima." Niliona Ipililo, halafu Kiloleli. Niliona kifurushi. Sikuchukua kitambulisho, nilitoka pale nikitembea, kisha nikikimbia, na mwanamke mzima akikimbia mjini Bariadi watu wanatafuta mwizi yuko wapi.

Ofisini nilisafisha namba za kadi. Ile kazi ya siku mbili niliimaliza kabla ya saa nane mchana, tusi juu ya tusi. Nikavipa vifurushi majina mapya, zahanati na namba ya kadi, nikageuza upya. Vikazaliwa vifurushi ambavyo havikuwepo. Karibu vyote vilikuwa vya mapacha. Mapacha huzaliwa wadogo, hukonda haraka, ndiyo maana mradi ulikuwa umejaa mapacha, na mimi ndiye niliyewapachika kwenye kifurushi kimoja kama samaki wa mafungu. Nikavifungua kimoja kimoja, wengine kwa bahati walikuwa wanapanda kweli, mpaka nikafika cha Ipililo. Mstari ulikuwa unashuka, kipimo baada ya kipimo, haujawahi kupanda hata mara moja.

Nikaenda kwa bosi na kompyuta mkononi. Bosi wangu hakuwa mtu mbaya, na hilo linaniudhi zaidi, angekuwa mbaya ningepata wa kumlaumu. Alisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa.

"Pole sana dada. Lakini ripoti imeshakwenda."

"Ripoti iache. Nataka orodha irekebishwe, huyu mtoto arudi."

"Orodha ya mwezi ujao haipo," akasema. "Mradi unafungwa tarehe thelathini. Nilitaka kuwaambia Ijumaa, wote kwa pamoja."

"Tarehe thelathini hii?"

"Hii. Ghala linahesabiwa, kila kitu kinarudishwa. Wewe andika maelezo mafupi ya hilo kosa, ukurasa mmoja, tutaweka mwishoni mwa ripoti ya kufunga."

"Bosi, ni mtoto, siyo maelezo!"

"Najua," akasema, na nadhani alijua kweli. Kisha simu yake ikaita, akaipokea.

Nilipiga simu zahanati ya Ipililo mara sita, haikupatikana. Basi nikafanya jambo pekee lililobaki. Nikatengeneza orodha ya jina moja, nikaichapa, nikagonga muhuri, nikaipeleka kwa mtunza ghala. Aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna majina mengine.

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu."

"Ninyi watu wa kompyuta bwana," akasema, akanipa katoni.

Asubuhi nikapanda basi la Maswa nimeipakata. Jirani yangu wa kiti aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia biskuti, maana ningesema ukweli ningelia mbele za watu. Nilikuwa najisomea moyoni nitakachomwambia yule mama. Kwamba kosa ni langu. Kwamba jina. Kwamba sasa nimerekebisha. Nililipanga hilo la mwisho kwa makini, nikaliweka mwishoni ili limfurahishe. Kutoka Maswa nikachukua pikipiki, mashamba ya pamba yameshavunwa pande zote, mabua tu, na ng'ombe wamefunguliwa humo kula masalia.

Muuguzi nilimkuta barazani anakunja kadi. Tulikuwa hatujawahi kuonana, tulijuana kwa ujumbe wa simu tu, nikajitambulisha.

"Ndiwe wewe?" akasema. "Nilifikiri ni mwanamume." Akaitazama katoni, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika. "Dada. Ya nani hiyo?"

Nikamtajia.

"Wa kwanza," akasema. "Tumemzika Alhamisi iliyopita."

Nilikaa chini, palepale kwenye saruji. Yeye akakaa kando yangu. Hakunipigia kelele, afadhali angenipigia.

"Mimi nilikuandikia," akasema. "Kila kipimo. Kwenye ile safu ya mwisho, ya maoni. Niliandika, mtoto anazidi kupungua, msimtoe. Niliandika mara tatu. Hukuona?"

Sikuona, kwa sababu nilikuwa nimeifuta. Safu ya maoni ilikuwa na maneno, na maneno yakikaa katikati ya namba ubadilishaji unakwama, kila kitu kinageuka kuwa maandishi na hesabu inakataa. Kwa hiyo mstari wa kwanza kabisa wa skripti yangu, ile mistari arobaini, kabla ya jambo lolote, unatupa safu ya maoni ya zahanati zote. Nilimwambia hivyo. Nilimweleza kwa utulivu, kitaalamu kabisa, namna inavyofanya kazi, na yeye alinisikiliza, na nilipomaliza akasema, "Basi nilikuwa najiandikia mwenyewe."

Alinionyesha njia ya nyumbani kwao. Ningeweza kuiacha katoni pale nikarudi, pikipiki ilikuwa inanisubiri. Nilikwenda, lakini msinipe sifa, nilikwenda kwa sababu sikuweza kukaa pale na yule muuguzi.

Mama alikuwa uani anachambua choroko kwenye ungo. Kando yake kwenye mkeka amekaa pacha wa pili, anachezea kifuniko cha chupa. Nilimsalimu kwa Kisukuma, safari hii nikapiga goti mimi. Nikampa pole ya msiba. Akaitikia, akaniletea kigoda, akanipa maji, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Kisha nikaanza kusema yale niliyoyapanga kwenye basi. Nilisema yote. Majina, vifurushi, Kiloleli, jinsi uzito wa mtoto wa wenyewe ulivyokaa mahali pa uzito wa mwanawe. Kwa Kisukuma ilikuwa vigumu, hatuna maneno hayo, ikabidi niseme kwa mikono, huyu hapa, huyu akaja juu yake.

"Kompyuta ilikosea," nikamalizia, kisha nikaona aibu, nikajisahihisha. "Mimi nilikosea. Kwenye kompyuta."

Aliendelea kuchambua kwa muda. Hakuwa na hasira, au ilikuwa imeshapita.

"Hayo ya kompyuta siyajui," akasema. "Mimi mtoto sikumpeleka kwa kompyuta. Nilimleta kwako. Nilimfunua, ukamtazama."

Nimegeuza skripti ile mara nyingi tangu siku hiyo, nimeweka kila aina ya ulinzi, ikikuta jina limejirudia inasimama na kupiga kelele, na hakuna mstari hata mmoja unaoweza kusahihisha alichosema.

Nikaisogeza katoni mbele yake, kwa kuwa ilikuwa hapo na mikono yangu haikujua ifanye nini. Nikamwambia ni za mtoto. Hakuuliza mtoto yupi. Akaweka ungo chini, akamchukua yule wa pili mkekani, akamkalisha mapajani mwake akamwelekeza kwangu, akapandisha shati lake mpaka kifuani.

"Huyu naye ameanza," akasema. "Tangu mwenzake aondoke hali vizuri. Mtamwandika?"

Nilitazama mbavu zake. Mradi ulikuwa umebakiza siku nane. Ghala lilikuwa linahesabiwa, bosi ameshaanza kufunga vitabu kwenye maboksi, na kipimo cha kwanza cha mtoto mpya ni baada ya wiki mbili.

"Tutamwandika, mayu," nikasema.

"Wabeja," akanishukuru. "Wabeja sana."

Nikatoa daftari kwenye mkoba, nikamwandika mbele yake, taratibu, kwa mwandiko mzuri, naye akashika kichwa cha mtoto kisitikisike mpaka nilipomaliza.